Mirija Sita Nyuma ya Nyumba ya Efrazia

Watu wa Nyangoto wamezoea kuona mtu amekaa akitazama kitu kama anayemuuguza mgonjwa. Mmoja hutazama karai lake la mchanga, mwingine hutazama mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, akingoja kiroba cha mawe kipandishwe kwa kamba. Efrazia yeye alitazama maji.

Yalikuwa ndani ya mirija sita ya kioo, kila mmoja mrefu kuliko mtu mzima, iliyosimamishwa kwenye fremu ya chuma nyuma ya nyumba yake, pale panapopata jua tangu asubuhi mpaka jioni. Rangi yake ilikuwa zambarau, kama mchicha mwekundu ukichemka. Jua likishapanda juu ya kilima cha kifusi cha mgodi, maji yale yalianza kutoa povu, punje ndogo ndogo zilizopanda taratibu hadi juu, zikapita kwenye mpira mwembamba na kukusanyika katika mfuko mweusi uliotanuka kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba.

"Wifi, vijidudu vyako vimeamkaje?" Rhobi aliuliza kila asubuhi akipita na ndoo.

"Salama. Vinakula jua."

"Afadhali vyenyewe. Mimi nikila jua naumwa kichwa."

Rhobi alikuwa dada wa Hezekia, mume wa Efrazia. Ndoa yake ilimshinda akarudi nyumbani, na tangu arudi boma lile lilipata kicheko. Hezekia mwenyewe alikuwa Chunya, akifuata maduara mapya, kwa sababu mwaka ule bei ya dhahabu ilipanda mpaka walimu wakaacha chaki. Bomani walibaki Efrazia na binti yake Nyangi wa miaka minne, Rhobi, na baba mkwe, mzee Machage.

Vijidudu vililetwa na Vivian Odoyo, binti wa Kijaluo mwenye ndugu nusu upande huu na nusu ng'ambo ya Sirari. Alikuwa amesoma mpaka akaitwa daktari, ingawa si wa kutibu watu. Siku ya kwanza alipokuja kwenye kikundi cha akina mama hakusema, "Hamtaelewa." Alichuma jani la boga akalinyanyua juani.

"Jani hili," alisema, "lina mtambo mdogo wa kukamata jua. Wapo pia vijidudu wa mabwawani wenye mtambo kama huo. Sasa mimi na wenzangu tumechukua maelezo ya mtambo ule, tukawapa bakteria wengine ambao zamani walikuwa wanakula sukari tu. Tumewafundisha kula jua. Wakila, wanatoa gesi inaitwa haidrojeni. Gesi hiyo inawaka, na haina moshi."

"Wakitoroka je, wakaingia kisimani?" mama mmoja aliuliza.

"Hilo ni swali zuri, mama. Tumewatengeneza wategemee matone fulani ambayo huku nje hayapo. Wakitoka kwenye kioo, siku mbili tatu wanakufa. Ndiyo maana serikali imetupa kibali cha kujaribu, lakini kwa masharti."

Kikundi kilitakiwa kimchague mtu wa kuwatunza. Wakamchagua Efrazia. Hakuwa msemaji, wala hakuwa amesoma kupita darasa la saba. Lakini miaka yote aliyoponda mawe karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, wenzake walimwona akivua khanga yake na kuwafunika watoto wa wengine wasivute vumbi, na yeye akibaki kichwa wazi. Watu husahau mengi, ila jambo kama hilo hawalisahau.

Masharti yalikuwa haya. Vijidudu viishi siku sitini mfululizo, vikitoa gesi kila siku, bila kupumzika. Vikifaulu, jiko la zahanati litajengewa mirija yake, na Efrazia ndiye atakayeitunza. Vikifa vyenyewe, mirija itafungwa kwenye magari na kupelekwa mkoa mwingine, na yeye atarudi kwenye karasha, kwenye vumbi na zebaki, akiwa na Nyangi pembeni yake. Efrazia alijua hesabu hiyo bila kuandika. Kila asubuhi alichora mstari wa mkaa ukutani.

Siku ya thelathini walijaribu kuwasha gesi mchana kwenye jiko dogo. Akina mama walisogea, wakaona hakuna kitu.

"Umezimika," walisema.

Vivian akachukua unyasi mkavu akaupitisha juu ya jiko, nao ukaungua nchani mara moja. Moto ulikuwepo, ila juani hauonekani. Sufuria ya uji ikaanza kunguruma, na masizi hayakuwepo hata ya kupaka kidole. Bibi mmoja aliyekuwa na macho mabovu kwa moshi wa kuni aliishika ile sufuria chini, ilipopoa, akaigeuza mara mbili kutafuta masizi. Efrazia alimtazama bibi yule kuliko alivyoutazama uji.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumapili. Efrazia alitia matone ya chakula alfajiri kama kawaida, akaenda kanisani na Rhobi na mtoto. Waliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jumatatu mrija wa kwanza ulikuwa umepauka.

Alifikiri ni wingu. Akangoja jua. Jua likaja, mirija mitano ikatoa povu, na ule wa kwanza ukakaa kimya kama mtu aliyenuna. Kufikia jioni ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea majivu. Usingizi wa siku ile ulikuwa wa mang'amung'amu. Jumanne asubuhi, wa pili nao ulikuwa umeanza.

Lazima ieleweke kwamba mirija ile ilishikana. Maji yalitoka wa kwanza yakaenda wa pili, wa pili mpaka wa tatu, hivyo hivyo hadi wa sita, yakisukumwa polepole na pampu ndogo, mwendo wa siku nzima kutoka mrija hadi mrija. Chakula kiliingilia wa kwanza, kikawafikia wote.

Vivian alifika kwa bodaboda kutoka Tarime, kichwa kimejaa vumbi. Alipima hiki, akapima kile, akainama kwenye kidude chake cha kukuzia vitu vidogo.

"Wanakufa," alisema. "Lakini sijui kwa nini. Inafanana na njaa. Tuongeze chakula, na tuongeze mwendo wa maji kiwafikie upesi."

"Ni mimi," Efrazia alisema. "Labda nilinawa na sabuni. Labda niliruka tone."

"Uliruka?"

"Sikumbuki kuruka."

"Basi hukuruka. Mama Nyangi, nimeona michoro yako ukutani. Mtu wa namna hiyo haruki."

"Andika tu kwamba ni mimi. Wewe una kazi ya miaka mitatu ndani ya hivi vioo."

Vivian alitoa miwani akaifuta kwa pindo la blauzi. "Nikiandika hivyo watakuondoa. Nisipoandika sababu, wataandika wao kwamba vijidudu vimeshindwa vyenyewe. Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Acha tuvilishe kwanza."

Wakavilisha. Wakaongeza mwendo wa maji. Rhobi aliwaletea chai bila kuulizwa, na siku hiyo hakutania.

Hapo ndipo niseme habari za mzee Machage. Alikuwa mchimbaji tangu enzi za ujana wake, kabla mgodi mkubwa haujaja na uzio wake. Mgongo ulikuwa umepinda, lakini mikono yake bado ilijua uzito wa mchanga. Kwa Wakurya baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe, wala hapigi naye soga, wala hamkazii macho. Akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Si chuki. Ni heshima, na Efrazia kwa miaka saba aliishi ndani ya heshima hiyo kama mtu aishivyo chini ya paa. Akikuta kuni zimepasuliwa mlangoni, alijua nani amezipasua. Mzee akikuta maji ya moto ya kuoga nje ya banda lake, alijua nani ameyapasha. Hawakuwahi kuambiana asante hata siku moja.

Jumatano asubuhi mrija wa tatu ulikuwa umekufa na wa nne ulikuwa na ukungu chini. Efrazia alikuwa kwenye uzio wa minyaa akichota maji ya ndama, akamwona mzee amesimama upande wa pili. Alikuwa amempa mgongo. Mkono wake ulikuwa shingoni mwa ndama.

"Wewe ndama," mzee alisema kwa sauti ya kusikika vizuri, "nina neno, na sitalirudia."

Efrazia akasimama na ndoo mkononi.

"Jumapili, watu walipokwenda kanisani, mimi niliingia kule nyuma. Nilikuwa na marudio yangu ya duara la zamani, mchanga mzuri uliobaki baada ya kuoshwa, niliouficha tangu mama yake Rhobi akiwa hai. Nikaweka na zebaki kidogo ya kukamatia dhahabu. Nikafungua kile kifuniko cha mrija wa kwanza, nikamimina."

Ndama alimlamba kiganja.

"Kuna kijana wa mgodini aliniambia kwamba huko duniani vipo vijidudu vinavyokula jiwe na kuacha dhahabu. Nikamtuma Rhobi aulize kama hivi navyo vinaweza. Rhobi akaniambia, 'Tata, hivyo vinakula kila kitu.' Nikasema basi. Huko kwenye mialo ya kuoshea dhahabu watu wanamcheka huyu mtoto wa watu kwamba anafuga maji. Siku wakiona dhahabu imekaa chini ya kioo chake, nani atamcheka tena? Ndama, mimi sikutaka kuua. Nilitaka kumpa kitu."

Ndoo ilianguka. Efrazia hakukumbuka kuiachia. Alijua desturi inavyotaka: amtafute Rhobi, Rhobi aje, Rhobi aulize, Rhobi arudishe jibu. Na maji yalikuwa yanatembea, tena wao wenyewe waliyaongezea mwendo.

"Ndama," alisema, "muulize mzee zebaki ilikuwa kiasi gani."

"Ndama, mwambie kifuniko kimoja cha soda."

Akakimbia. Kati ya mrija na mrija palikuwa na koki ndogo ya shaba, ambayo Vivian alimwonya asiiguse kabisa, kwa sababu kuifunga ni kuvinyima chakula vya upande wa pili. Efrazia akaifunga ile iliyo kati ya wa nne na wa tano. Ilikuwa ngumu, ikamkata kiganja. Akazima pampu. Kisha akachukua chupa ya matone akaenda kulisha wa tano na wa sita mmoja mmoja kwa vifuniko vyao, polepole, akipumulia pembeni hewa isiingie kwa wingi.

Vivian alipopigiwa simu na Rhobi alifika akiwa amevaa ndala, viatu amevisahau mjini. Akasikiliza yote. Kisha akaketi chini kwenye majani.

"Kumbe haikuwa njaa," alisema. "Sisi tulikuwa tunavipelekea sumu na chakula kwa kijiko kimoja."

"Kosa langu," Rhobi alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Mzee alinituma kwa siri niulize, mimi nikatania bila kuuliza. Nilikuwa nasonga ugali. Nilisema vinakula kila kitu, kama mtu anavyosema kuhusu mbuzi."

"Na mimi," Vivian alisema, "sikuwahi kumweleza mzee. Nilimwamkia shikamoo kila nikija, nikapita. Nilifikiri hapendi kusumbuliwa."

Efrazia alikuwa akifunga kiganja chake kwa kitambaa. "Daktari, mkaguzi akija mwambie nilisahau kufunga kifuniko, uchafu ukaingia. Mzee asitajwe. Watamwita kwenye ritongo, baraza la wazee, mbele ya ukoo mzima, aulizwe kwa nini aliingia nyuma ya nyumba ya mkwe wake. Kwa umri wake, aibu hiyo itamlaza."

"Na wewe? Ukiondolewa?"

"Karasha lipo."

Ng'ambo ya uzio mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha wachimbaji wa zamani, na hatua zikaondoka taratibu.

Alhamisi mkaguzi alifika. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye daftari kubwa na viatu vya kutembelea shambani. Alisalimia kila mtu, hata Nyangi, kisha akazunguka ile mirija bila haraka. Minne ya kijivu. Miwili ya zambarau, ikitoa povu.

"Nani mtunzaji?"

"Ni mimi."

"Nini kimetokea?"

Efrazia alivuta pumzi kusema lile aliloliandaa. Hakulisema, kwa sababu mzee Machage alikuwa anaingia kwenye ua ule, mchana, mbele ya watu, akiwa amevaa koti lake la harusi na kofia mkononi. Rhobi aliinamisha uso. Mzee hakumtazama Efrazia. Alisimama mbele ya mkaguzi.

"Mama, shida hii ni yangu," alisema, akaeleza yote kama alivyomweleza ndama, bila kupunguza kitu, mpaka na kile kifuniko cha soda.

Mkaguzi aliandika. Kisha akauliza, "Mzee, huyu mtunzaji mnaishi naye boma moja. Kwa nini hukumuuliza yeye mwenyewe?"

"Mama, huyo ni mkwe wangu."

Mama yule akaacha kuandika. "Kwetu ni Tukuyu," alisema. "Mama yangu, baba mkwe akija njiani, alikuwa anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hata mvua ikinyesha. Nimekuelewa."

Akaomba mrija wa kwanza ufunguliwe chini. Ukatoka mchanga mweusi, mzito, na ndani yake tone la rangi ya fedha linalokimbiakimbia. Akaligusa kwa kijiti, akaandika tena, ukurasa mzima. Vivian alikuwa ameshikilia fremu ya chuma kama mtu aliye juu ya mtumbwi.

"Nitasema nilivyoandika," mkaguzi alisema. "Vijidudu havikushindwa. Vimeuawa na zebaki, na ushahidi ni huu hapa. Tena vilivyobaki viko hai kwa sababu mzee huyu alisema mapema na mtunzaji akafunga koki bila kungoja ruhusa. Jaribio halijafutwa. Ila siku arobaini na moja zile haziwezi kuhesabiwa. Mnaanza upya, mkianzia na miwili hii, na kesho ni siku ya kwanza. Vifuniko viwekewe kufuli."

"Na mtunzaji?" Vivian aliuliza.

"Kosa lake ni lipi? Mtunzaji abaki." Akafunga daftari. "Lakini naongeza sharti langu. Mtu yeyote wa boma hili akiwa na swali juu ya vioo hivi, aulize kwa mdomo wake mwenyewe. Heshima nyingine zote endeleeni nazo. Hii moja itawaponza."

Rhobi alicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu, kikamtoka pamoja na machozi. "Mama, na ndama je? Yeye ndiye alikuwa mkalimani."

"Ndama apumzike," mkaguzi alisema.

Kabla hajaondoka alitaka ile minne isafishwe mbele yake, na zebaki isimwagike hata tone kwenye udongo. Vivian alikuwa na glavu, pipa lenye kifuniko na dawa ya kuua vijidudu vilivyobaki. Alichokosa ni mkono. Kutenga zebaki na mchanga mweusi bila kupoteza tone ni kazi ambayo haifundishwi chuoni. Watu wote wakajikuta wanamtazama mzee Machage.

Alivua koti la harusi, akalikunja, akampa Rhobi. Akavaa glavu, akachuchumaa, akaweka karai ndani ya beseni kubwa ili maji yasitoroke. Mchanga uliingizwa. Karai likaanza kuzunguka mikononi mwake, duara moja, duara lingine, mgongo ule uliopinda ukawa kama umepindishwa kwa ajili ya kazi hiyo tu.

"Dhahabu ipo, Tata?" Rhobi alimnong'oneza baba yake.

"Ipo, kama mbegu ya ulezi. Imeshikana na zebaki, na itakwenda nayo kwenye chupa ya Daktari. Usiniangalie hivyo."

Alihitaji mtu wa kumimina maji. Vivian alikuwa ameshika chupa, Rhobi ameshika koti, mkaguzi hakuwa mtu wa kupewa jagi. Efrazia akalichukua, akasogea mpaka hatua mbili kutoka kwa baba mkwe wake, karibu kuliko alivyowahi kusogea kwa miaka saba, akainamisha jagi. Maji yakatoka kwa kasi kidogo.

Mzee hakuinua macho kutoka kwenye karai.

"Mwaga polepole, mwanangu," alisema.

"Eee, Tata," Efrazia alijibu, akapunguza maji.